Tepu ya Bata Karakanani

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa ufagio. Nilifika karakana ya mkoa pale Mbeya saa moja kasorobo asubuhi, barua ya kuajiriwa mkononi, baridi ya Juni ikinichoma masikio. Mlinzi aliisoma barua, akanitazama kuanzia kichwani hadi miguuni, akaingia ndani na kurudi na ufagio.

"Wafagiaji wanaanzia kule nyuma, dada," akasema.

Nikaenda kule nyuma, nikafagia. Ningefanya nini? Nilikuwa binti wa miaka kumi na tisa kutoka Rungwe, na sikutaka kuanza kazi kwa kubishana na mlinzi. Nikafagia chini ya malori mawili na trekta moja, mpaka saa tatu alipotoka ofisini Fundi Mkuu. Alikuwa mzee mfupi mwenye miwani minene. Kofia yake ya sufu hakuivua hata jua lilipowaka.

"Wewe ni nani?"

"Shikamoo mzee. Naitwa Tusekile. Ni fundi mwanafunzi."

"Marahaba. Fundi mwanafunzi ndiye anafagia?"

"Nimepewa ufagio, mzee."

"Na kama ungepewa jembe ungelima hapa hapa?"

Mafundi wote wakacheka, na mimi nikacheka nao. Ndipo akaniambia nimletee spana namba kumi na tatu. Spana zilikuwa zimechanganywa kwenye debe la oili chafu, namba hazionekani. Nikaingiza mkono, nikapapasa, nikatoa moja, nikampa. Aliijaribu kwenye nati, ikakaa sawasawa. Alininyang'anya ufagio akampelekea mlinzi, na kuanzia hapo nikawa mtu wa magari kwa miaka zaidi ya thelathini.

Wakati huo, mwanzoni mwa miaka ya sabini, spea zilikuwa shida. Gari likiharibika mpira wa rejeta, unaagiza leo, unaupata baada ya miezi. Kwa hiyo ufundi wetu ulikuwa wa aina mbili: ule tuliofundishwa chuoni, na ule wa kulifanya gari litembee mpaka spea ije. Katika ufundi huu wa pili ndimo nilimokutana na kitu ambacho leo mnakiona dukani na kukipita bila kukitazama, ile tepu pana ya kijivu.

Kwetu ililetwa na wahandisi wageni waliokuwa wakijenga barabara. Walipomaliza kipande chao na kufunga kambi, walimwachia Fundi Mkuu boksi zima la roli hizo. Alituita tukasimama kuizunguka meza, akakata kipande kwa mkono, bila kisu, akakichana polepole ili tuone ndani.

"Tazameni," akasema. "Juu ni plastiki, maji hayapiti. Katikati ni kitambaa, nyuzi zimesukwa kama shuka, ndiyo maana ina nguvu na ndiyo maana inachanika kwa mkono ikinyooka. Chini ni gundi, na gundi hii ni nene, inaingia hata mahali penye mikwaruzo. Vitu vitatu katika kimoja."

Jina lake la kweli ni dakti tepu. Dakti ni njia ya hewa, yale mabomba makubwa ya bati yanayopitisha upepo wa joto au wa baridi ndani ya majumba ya wenzetu, na tepu hii waliizoea kwa kuziba maungio ya mabomba hayo. Sisi Mbeya nzima hatukuwa na bomba la namna hiyo hata moja. Mhandisi wa Mkoa alipotaka nyingine ziagizwe, alimtajia karani wa stoo jina hilo kwa Kiingereza akiwa mlangoni, anaondoka. Sasa, Kiingereza cha dakti na Kiingereza cha bata vinakaribiana sana kwa mtu aliyeketi mbali. Karani akaandika kwenye fomu, kwa mwandiko wake mzuri: "Tepu ya bata, roli sita."

Fomu ilipofika kwa Fundi Mkuu kusainiwa, alivua miwani, akaifuta, akaivaa, akasoma tena.

"Karani," akaita, "bata wako wamepasuka wapi?"

Karani alisimama akaeleza kwa dhati kabisa kwamba alidhani ni tepu ya kufungia miguu ya bata wasitoroke. Tulicheka mpaka kazi ikasimama. Jina likabaki. Miaka mingi baadaye nilisikia kwamba hata huko ilikotoka wapo watu wanaoiita hivyo hivyo, nikatamani karani yule angekuwa hai nimwambie kwamba hakukosea peke yake.

Tuliitumia kwa kila kitu. Viti vya magari vilivyochanika, mipini ya nyundo iliyopasuka, buti za mvua, mgongo wa daftari la kazi, turubai la lori. Shangazi yangu niliyekuwa nikikaa kwake Mwanjelwa aliuza mchele wa Usangu sokoni, na kibanda chake kilivuja juu ya magunia. Nilipanda juu Jumapili baada ya ibada na vipande vilivyobaki kwenye roli iliyokwisha, nikaziba. Mvua ya wiki ile ilipopita na mchele ukabaki mkavu, shangazi alinishika mikono yote miwili. "Ndaga fijo, mwanangu," akanishukuru kwa lugha yetu, kisha akawaambia majirani kwamba serikali imenifundisha kushona kwa kutumia gundi.

Fundi Mkuu alinifundisha namna ya kuifunga. Kwanza unakausha mahali penyewe. Unasugua kwa kitambaa chenye petroli kidogo, unaiacha petroli ikauke. Kisha unavuta tepu kwa nguvu na kuizungusha, kila mzunguko ukilalia nusu ya mzunguko uliotangulia, na unavuka mpasuko kwa upana wa vidole vitatu kila upande. Ukifunga kwa uvivu itakuaibisha njiani. Na mara zote alirudia maneno mengine, akinyoosha kidole chake kilichokosa ukucha:

"Hii ni ya kukufikisha nyumbani, Tusekile. Ukifika, itoe, ufanye kazi yenyewe. Na mahali penye moto, au penye oili yenye presha, usiiguse kabisa."

Nilipofaulu majaribio ya ufundi daraja la tatu nilihamishiwa Iringa. Siku naondoka, Fundi Mkuu alinipa roli moja mpya, ameifunga kwenye gazeti kama mkate. Basi letu lilipofika Nyololo kioo cha dirisha kilianguka kikavunjika, na upepo wa Mufindi mnaujua. Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni ndiye aliyekuwa pale dirishani. Nikaomba boksi tupu kwa muuza vitunguu, nikalikata, nikaliziba dirisha kwa tepu kabla kondakta hajamaliza kulalamika. Abiria walinilipa kwa mahindi ya kuchemsha, mengi kuliko ninavyoweza kula. Nikaingia Iringa nimeshiba na nina sifa.

Iringa sifa hizo hazikufaa kitu. Mkubwa wetu alikuwa Afisa Usafirishaji wa Mkoa, mtu mrefu, nadhifu, mwenye suti ya kaki ya mikono mifupi iliyopigwa pasi mpaka mikunjo yake ikawa kama kisu. Mfukoni alikuwa na kalamu tatu za rangi tatu. Siku ya pili aliiona roli yangu juu ya benchi la kazi.

"Hii nini?"

"Tepu ya bata, mzee."

"Ya nini?"

Nikaeleza. Akaisukuma kwa kalamu, hakutaka kuigusa. "Gari la serikali halizibwi kama kibuyu," akasema. "Nisije nikaiona tena."

Nikaificha kwenye sanduku langu la spana. Wakati huo nilikuwa bado kwenye kipindi cha kuangaliwa, na barua yangu ya kuthibitishwa kazini ilikuwa mezani kwake ikisubiri saini. Mtu akikushikia barua kama hiyo, huwezi kumjibu.

Baada ya mvua za masika kliniki ya kutembea ilipangiwa kwenda Kilolo kuchanja watoto surua. Kulikuwa na nesi mmoja, Yustina, mama wa makamo, mcheshi, aliyejua kila njia ya mlima ule. Na dereva Kalinga, Mhehe mtaratibu ambaye hakuwahi kupiga honi bila sababu. Mimi nilitumwa kama fundi wa safari kwa sababu barabara ilikuwa imeharibika. Dakika ya mwisho Afisa Usafirishaji naye akapanda. Alitaka kuiona barabara kwa macho yake.

Tulipanda vizuri mpaka katikati ya mlima. Hapo gurudumu la nyuma likaingia kwenye shimo, gari likarushwa, na jeki iliyokuwa nyuma ikaangukia sanduku la baridi. Hilo ndilo sanduku la barafu linalobeba chanjo. Chanjo ya surua ikipata joto inakufa, na ukimchanja mtoto ni kama umemchoma maji. Kifuniko kilipasuka na bawaba moja ikang'oka. Kabla nesi hajamaliza kusema "Yesu na Maria," moshi mweupe ukafumuka mbele. Mpira wa juu wa rejeta ulikuwa umepasuka.

Tukashuka. Afisa alitazama saa yake, akatazama ukungu, akanitazama mimi.

"Wako watoto wangapi huko juu?" akamwuliza nesi.

"Wote, mzee," nesi akajibu. "Kijiji kizima kimeambiwa leo. Na wiki iliyopita surua iliua wawili upande wa pili wa bonde."

Mimi nilikuwa nimeshafungua sanduku la spana, na roli ile ilikuwa juu kabisa, inaonekana. Afisa aliiona.

"Tusekile," akasema, "mimi naenda kutazama daraja lililo mbele. Nikirudi sitauliza umefanya nini."

Nilianza na chanjo. Nikakandamiza kifuniko, nikazungusha tepu ukingo mzima mara tatu, nikaongeza mikanda miwili kukatiza juu. Nesi akapitisha kiganja pembeni akasikiliza kama mtu anayempima mgonjwa. "Baridi haitoki," akasema. Kisha tukangoja injini ipoe. Kalinga akachota maji kwenye kijito. Nikaukausha mpira kwa khanga ya nesi, nikausugua kwa petroli, nikafunga kama nilivyofundishwa, nusu juu ya nusu. Kifuniko cha rejeta nikakilegeza ili presha isijijenge na kuisukuma tepu. Tukaenda polepole, tukisimama mara mbili kuongeza maji.

Tulifika karibu saa sita. Akina mama walikuwa wamepanga mstari kuzunguka shule, wamejifunga mablanketi, wengine walikuwa wametembea tangu alfajiri. "Kamwene! Kamwene!" salamu zikatoka kila upande. Nesi alipochana tepu na kufungua sanduku, barafu ilikuwa imebaki zaidi ya nusu. Alinyanyua kipande juu wakakiona, na vigelegele vilivyopigwa pale sijavisikia hata kwenye harusi yangu mwenyewe. Nilisimama nyuma ya gari nikalia kidogo, nikajifuta kwa mkono wenye grisi, nikashinda na alama nyeusi usoni bila mtu kuniambia.

Aliyebadilika kuliko wote ni Afisa. Aliichukua roli akaanza kuitembeza. Akaziba faili lake. Akafunga mpini wa mwavuli wake. Akamwonyesha mwalimu mkuu, akazirudia zile tabaka tatu nilizomweleza mimi. "Ni kitambaa katikati," akamwambia, "hiyo ndiyo siri yake." Nesi Yustina alininong'oneza, "Huyu jioni atajifunga yeye mwenyewe."

Saa kumi watoto wote walikuwa wamechanjwa. Nikalala chini ya gari kulikagua kabla ya kushuka, na pale nyuma ya gurudumu la mbele kushoto nikaona unyevu. Nikagusa, nikanusa. Oili ya breki. Mpira wa breki ulikuwa umevimba kama mtoto mwenye kokwa shavuni, na katikati ya uvimbe palikuwa na ufa unaotoa machozi.

Nikatoka nikasema gari haliendi.

"Si unayo tepu yako?" Afisa akauliza, anatabasamu.

"Hapa haifai, mzee."

"Asubuhi ilifaa."

"Asubuhi yalikuwa maji, tena nilifungua presha. Hii ni oili. Kalinga akikanyaga breki, nguvu yote ya mguu wake inapita hapa, imeongezwa mara nyingi. Na oili inayeyusha gundi."

Tabasamu likaondoka. "Kesho nina kikao na Mkuu wa Mkoa. Mimi ndiye mkubwa wako na ninakuagiza. Funga, twende."

Niliikumbuka ile barua mezani kwake. Wapo mafundi ambao wangeziba njia ya oili ya gurudumu hilo moja na kushuka na breki za magurudumu matatu yaliyobaki. Kwenye tambarare za Usangu hata mimi ningefanya hivyo. Lakini nilitazama kule chini, barabara inapopinda na utelezi wake, na nesi ambaye ana watoto wanne.

"Mzee, nitaifunga," nikasema. "Naomba kitu kimoja tu. Gari lisisogee. Nikimaliza, Kalinga akanyage breki hapa hapa, wewe mwenyewe utazame."

Akakubali. Nikafunga kwa uaminifu wangu wote, tabaka nne, safi kuliko kazi yoyote niliyowahi kufanya, maana sikutaka aseme nimefanya kwa hila. Afisa akachuchumaa pembeni ya gurudumu ili aone vizuri.

"Sogea kidogo, mzee," nikamwambia.

"Naona vizuri hapa hapa. Kalinga! Kanyaga!"

Kalinga akakanyaga. Mara ya kwanza tepu ikashika, na Afisa akanigeukia kwa ushindi. "Tena!" akasema. Mara ya pili ikapasuka. Oili ikaruka kama maziwa ya ng'ombe aliyekamuliwa vibaya, ikampata kifuani, pamoja na mfuko wa kalamu na mikunjo ya pasi. Ndani ya gari tukasikia pedali ikigonga sakafu, tupu, haina kitu chini yake. Sauti ile tuliisikia wote.

Hakuna aliyethubutu kucheka. Afisa alibaki amechuchumaa, oili ikimchuruzika, anaitazama barabara ya kushuka.

"Tungekuwa kwenye ile kona ya pili," akasema taratibu.

"Ndiyo, mzee."

Ndipo akaanza kucheka yeye mwenyewe, kidogo kidogo, halafu kwa nguvu, mpaka akakaa chini kwenye matope na suti yake. Basi kijiji kizima kikapata ruhusa. Mwalimu mkuu alimletea maji na sabuni, na katekista akamwazima sweta la kijani lililomfika juu ya kitovu.

Kalinga alishuka na lori la mbao kwenda mjini kutafuta mpira wa breki. Sisi tulikaa Kilolo siku mbili. Akina mama walituletea viazi vya kuchemsha na njegere, na Afisa Usafirishaji wa Mkoa, ndani ya sweta la katekista, alimenya viazi akisimulia namna oili ilivyomrukia, na kila akisimulia oili inaongezeka. Siku ya pili mchana Kalinga akarudi na mpira mpya, ameukumbatia ndani ya koti. Nikaufunga. Kisha tukatoa hewa kwenye breki, kazi inayohitaji mtu wa kukanyaga pedali na kuachia kila ukimwita. Afisa akaomba akanyage yeye. "Kanyaga. Shikilia. Achia," nikamwamuru, na yeye akaitikia kila mara, "Tayari, fundi."

Jumatatu aliniita ofisini. Nilienda nikiwa nimejiandaa kwa lolote. Barua yangu ilikuwa imesainiwa. Chini yake kulikuwa na waraka kwa madereva na maofisa wote wa mkoa: fundi akisema gari haliendi, haliendi, hata kama abiria ni Afisa Usafirishaji. Akasema niubandike ukutani karakanani. Nikauliza niubandike kwa kitu gani, gundi ya karatasi imekwisha. Akafungua droo yake, akatoa roli ya tepu ya bata aliyokuwa ameinunua mwenyewe.

Nilifanya kazi Iringa, nikarudi Mbeya, nikawa fundi daraja la kwanza, na mwishoni mimi nikawa Fundi Mkuu. Vijana wengi wamepita mikononi mwangu, na jambo wanaloniuliza zaidi ni kama wakati ule ilikuwa shida sana. Ilikuwa shida. Lakini nisiwadanganye, tulifurahi. Kulitoa gari mlimani kwa akili yako na vidole vyako ni utamu ambao mshahara hauwezi kuueleza. Na wakati mwingine utamu mkubwa zaidi ni kusema hapana, ukalala usingizi wako wote, ukijua watu wapo nyumbani kwao, wazima. Miaka yote hiyo hakuna mjane aliyewahi kuja mlangoni kwangu kuniuliza kwa nini niliruhusu gari lile litoke. Hilo ndilo ninalojivunia.

Siku ya kunistaafisha walinikataza kuvaa ovaroli. Nilikaa meza kuu na kitenge kipya, maua shingoni, mgeni rasmi akasimama na hotuba yake ya kurasa tano. Alipokuwa kwenye ukurasa wa pili, gari la wagonjwa likaingia getini likipiga kelele kwenye gia kama linatafuna kokoto, na dereva akaruka nje akisema yupo mama mjamzito anamsubiri kijijini. Vijana wangu wakatazamana. Wote walikuwa na mashati meupe. Mimi nilikuwa nimeshainuka. Nilisikia waya wa klachi umelegea kabla sijafika, na kulala chini ya gari sikuhitaji kufikiri.

Nilipotoka, kitenge kilikuwa hakifai tena, maua yamebaki chini ya gari, na gari la wagonjwa linatoka getini kimya, gia zinaingia kama siagi. Mgeni rasmi alikuwa bado amesimama na karatasi zake mkononi.

"Endelea, mheshimiwa," nikamwambia, nikaketi. "Samahani, ulikuwa unasema nimestaafu."